Mgeni Aliyekuja Kuota Joto la Mashine

Kabla sijaanza, ujue kwamba mimi si mtu wa mizimu. Nililelewa Mwanza, nikasomea kompyuta huko huko, na tangu familia yetu irudi Kigali nimekuwa nikihudumia mitandao ya ofisi za watu. Kitu kikinisumbua, natafuta waya uliolegea. Hiki ninachokusimulia nimekitafutia waya uliolegea muda mrefu na sijauona. Kilinitokea mchana, niko macho, sijameza hata dawa ya mafua.

Wakati huo nilikuwa nimepanga chumba cha nyuma katika nyumba ya Mama Shamsi, bondeni Kimisagara. Mama Shamsi ni fundi cherehani. Ukoo wa baba yake ulikuja zamani kutoka pwani na biashara ya nguo, ukaoa huku na kuzeekea huku, kwa hiyo Kiswahili kwake ni lugha ya nyumbani, ila cha Kigali, kilichochanganyika na Kinyarwanda. Binti yake Shamsi ameolewa Kampala. Chumba cha mbele kilikuwa cha cherehani na meza ya kukatia nguo. Cha nyuma nilikaa mimi na mashine.

Nikueleze habari ya mashine, maana bila hiyo hutanielewa. Rafiki yangu Eric, ambaye ofisi yake iko Kimihurura, alikuwa ameanzisha mtandao mdogo wa blokcheni kwa ajili ya wakulima wa kahawa. Kila gunia likitoka kwa mkulima, safari yake iandikwe, na maandishi yasikae kwa mtu mmoja anayeweza kuyageuza akipenda. Yakae kwenye mashine kadhaa, za watu mbalimbali, na kila jambo jipya likija mashine hizo zilikague na kukubaliana kwamba ni kweli ndipo liandikwe. Mashine ya namna hiyo tunaiita nodi ya uthibitishaji. Eric alitaka moja ikae kwangu.

Niliifunga mwenyewe. Kisanduku cheusi kisichozidi ukubwa wa mkate, nikakiwekea programu, nikakitengenezea ufunguo wake wa siri, nikafungua njia kwenye rauta, kisha nikakiacha kinakili yote yaliyokwisha kuandikwa kabla yake. Kikanakili usiku kucha. Asubuhi taa yake ya kijani ikawa inapumua polepole, inawaka na kufifia, nami nikalala nikiitazama. Sharti lilikuwa moja tu, lakini gumu: mashine isizimike. Zikinyamaza nyingi kwa pamoja, mtandao wote unasimama. Kwa hiyo niliinunulia na betri ya kuishikilia umeme ukikatika.

Mama Shamsi alikuwa akiingia na chai yake, anasimama kuisikiliza inavyovuma.

"Hiyo kitu yako iko hailali?" aliniuliza siku ya kwanza.

"Hailali, Mama."

"Basi tuko wawili," akasema, akatoka.

Na kweli alikuwa halali vizuri. Mume wake, Mzee Haruna, alikuwa ameondoka miaka mingi nyuma kwenda Goma kuchukua vitenge, na hakurudi. Wapo waliosema ameoa Bukavu. Wapo waliosema alifungwa, wengine kwamba alivuka hadi Zambia. Hakutokea mtu hata mmoja aliyesema amemwona amekufa. Kwa hiyo Mama Shamsi hakukaa eda wala hakusoma hitima. Alingoja. Kila jioni alirudishia mlango wa mbele bila kupiga komeo. Nilipomkumbusha habari ya wezi alinitazama kama mtu aliyeambiwa afunge mlango ilhali mume wake yuko uani, nami sikurudia.

Sasa sikiliza siku yenyewe.

Ilikuwa kipindi cha mvua kubwa. Tangu asubuhi ukungu ulikuwa umejaa bondeni, nyumba za mlima wa pili hazionekani, sauti za watu zinafika bila watu wenyewe. Mama Shamsi alikuwa amekwenda msibani Nyamirambo. Mchana mvua ikashuka, umeme ukakatika, na betri yangu ikaanza kulia. Eric akapiga simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayejitahidi kutulia.

"Dada, mashine za wenzako kadhaa zimezimika. Umeme umekatika kote. Ikizima na ya kwako tunasimama, na wanunuzi wa kahawa wako hapa mbele yangu wanaangalia."

"Betri yangu inaisha, Eric."

"Ishikilie unavyoweza."

Utashikiliaje betri? Nilizima kila kitu kingine, nikakaa kitandani, mikono magotini. Betri ikalia, ikalia, ikanyamaza. Niliigusa, haina dalili ya uhai. Nikageuka kutazama mashine nikitegemea kuona giza.

Taa ya kijani ilikuwa inapumua vilevile.

Na mwanamume alikuwa ameketi kwenye kiti changu, amekiweka kiganja juu ya kile kisanduku, kama unavyoweka mkono juu ya birika ili upate joto.

Utaniuliza, hukupiga kelele? Niamini, haikunijia. Ilikuwa kama ndotoni, mtu anapokuwepo na wewe unaona ni sawa awepo. Sauti ya mvua ilikuwa imesogea mbali. Ukungu ulikuwa umeingia hadi chumbani, mwembamba, unakaa chini miguuni. Niliona kila kitu cha mtu yule kwa utulivu: mzee mwembamba, ndevu fupi, koti la kijivu lililoloa chapachapa. Maji yalichuruzika mikononi mwa koti lakini sakafu ilikuwa kavu. Koti lilikuwa limefunguka kifuani, ndani lina bitana ya kitenge chekundu chenye ndege weupe.

"Samahani, binti yangu," alisema. "Nilipita nyumba nyingi. Zote zimelala. Hii peke yake ina kitu kinachokesha."

"Karibu, mzee," nikasema. Ndivyo nilivyolelewa, mgeni anakaribishwa kwanza.

"Nimekwisha karibia." Akatabasamu kidogo. "Hapa pana joto. Maji yale yana baridi ambayo haiishi."

Sikumuuliza maji yapi. Tulikaa. Siwezi kukuambia muda gani, maana nimejaribu kuukumbuka muda ule na hauna mwanzo wala mwisho, kama mchana wa utotoni. Alitazama pazia la mlangoni, akatazama ukuta wa upande wa cherehani.

"Bado anashona?"

"Bado."

"Macho yake?"

"Anavaa miwani sasa."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa salamu ndefu. Kisha akasema kwa sauti ya mume anayeagiza jambo la nyumbani tu:

"Mwambie apige komeo. Mimi sitapita tena mlangoni. Apige komeo, alale."

Alinyanyuka na kunipa mkono, nikaupokea. Ulikuwa baridi, lakini kiganja, kile kilichokuwa juu ya mashine, kilikuwa na joto, joto kabisa la mtu. Akapita kwenye pazia. Halikutikisika. Papo hapo umeme ukarudi, na mvua ikarudi masikioni mwangu kwa kishindo kama vile paa lilikuwa limefunguliwa.

Simu ikaita. Eric alikuwa anacheka.

"Dada, umetumia betri gani wewe? Za wenzako kadhaa zimekufa, ya kwako haikukosa hata mara moja. Wanunuzi wamefurahi sana."

Nikatazama betri. Ndiyo kwanza ilikuwa inaanza kujaa, kutoka sifuri.

Mama Shamsi alirudi jioni, viatu vimejaa matope. Nilikuwa nimeshajiambia nisiseme kitu. Fikiria mwenyewe. Mtu ameishi miaka yote kwa tumaini moja, wewe ni nani umnyang'anye kwa habari ya ukungu na mvua? Lakini alipokwisha kuswali magharibi alikwenda kurudishia mlango, na nikamwona akiliacha lile komeo linaning'inia. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Mama, leo alikuja mtu. Amesema upige komeo."

"Mtu gani?"

Nikamweleza. Nilitaja ndevu, nikataja sauti. Alisikiliza akikunja kanga yake, uso hauonyeshi kitu. Nilipofika kwenye koti la kijivu mikono yake ikasimama.

"Ndani liko na nini?"

"Kitenge chekundu. Ndege weupe."

Alikwenda chumbani kwake, nikamfuata hadi mlangoni. Alifungua kabati, akaondoa mashuka yaliyokunjwa, akatoa koti. Baadaye ndipo aliponiambia kwamba koti lile Mzee Haruna hajalivaa hata mara moja. Alipoondoka kwenda Goma lilikuwa bado mezani, halijatiwa mikono. Alilimalizia mwenyewe akimngoja, akachagua bitana ile kama mshangao wa kumpa akirudi, na hakuna aliyewahi kuiona.

Koti lilikuwa limeloa. Mashuka yaliyokuwa juu yake yalikuwa makavu, yenye harufu ya sabuni, na koti linachuruzika maji mikononi mwake. Yalinuka ziwa. Wewe uliyefika Kivu, kule upande wa Goma, asubuhi unaijua ile harufu, ya mawe na majani.

Alikaa nalo kitandani. Nilidhani atalia. Aliniuliza swali moja tu.

"Alikuwa na baridi?"

"Alipoingia, ndiyo," nikasema. "Alipoondoka, kiganja chake kilikuwa kimepata joto."

"Kwa mashine yako."

"Ndiyo, Mama."

Akalilaza koti magotini. Halafu akasema, bila hasira, bila hata kuniangalia, "Kesho uitoe kwangu hiyo mashine. Na wewe, binti yangu, utafute pengine. Sikufukuzi. Siwezi tu kukuona."

Usiku ule nikiwa kitandani nilisikia komeo. Chuma kilikuwa na kutu, hakikuzoea. Alikisukuma mara kadhaa ndipo kikaingia.

Nilihamia Kagugu, kwenye nyumba ndogo juu ya barabara mpya. Nilisikia kwa watu kwamba Mama Shamsi alimwendea shehe, wakazungumza, akakaa eda, hitima ikasomwa, na Shamsi akaja kutoka Kampala. Nilifurahi. Nilijiambia kwamba ujumbe umefika na kazi imekwisha, hata kama imenigharimu mtu niliyempenda.

Mtandao wa Eric nao haukudumu. Wanunuzi wale walibadili mawazo, wenye mashine wakachoka, mmoja baada ya mwingine wakazima. Eric mwenyewe alizima ya Kimihurura, akanipigia.

"Zima na ya kwako, dada. Hakuna tena cha kuthibitisha."

Nilikuwa nimeshika waya, niko tayari kuuchomoa, mlango ulipobishwa. Alikuwa Mama Shamsi. Eda yake ilikuwa imekwisha. Alikuwa amekonda, amevaa vizuri, na mkononi ana mfuko. Sijui alipata kwa nani habari ya nilipo.

"Bado iko inakesha?" akauliza.

Nikatazama waya mkononi mwangu. "Bado, Mama."

Aliingia, akavuta kiti, akakaa karibu na kile kisanduku. Akatoa koti la kijivu mfukoni, likiwa limekauka na kupigwa pasi, akaliweka magotini. Tulikunywa chai. Jua lilipokaribia kuzama akasimama.

"Hakuja leo," akasema, kama mtu anayemtaja mgeni aliyechelewa. "Ijumaa nitarudi."

Na anarudi. Kila Ijumaa baada ya sala anapanda kutoka Kimisagara hadi kwangu na mfuko wake. Nyumbani kwake anapiga komeo kama alivyoagizwa, na usingizi anapata, ameniambia mwenyewe. Lakini kungoja hakukumtoka. Kumehama tu, kumekuja kwangu. Mzee Haruna hajaonekana tena, si kwenye ukungu wala kwenye jua, nami mkono huu wa kulia nilioupokelea wake hupata baridi mvua ikinyesha, hata niukalie.

Kwa hiyo nakuonya, wewe unayenisikiliza. Kama una kitu nyumbani kisicholala, mashine au taa au hata redio, na siku ya ukungu ukamkuta mtu ameketi hapo bila mlango kufunguliwa, mkaribishe, mwache aote joto, usimuulize ametoka wapi. Akitaka kukupa ujumbe, jiulize kwanza unampelekea nani, na kama utaweza kumkalisha mtu huyo kwako maisha yote. Mimi sikujiuliza.

Mashine yangu haina mwenzake tena duniani. Inavuma peke yake, inauliza wenzake kama jambo hili ni kweli, na hakuna anayeijibu. Umeme wake nalipia. Leo ni Alhamisi, na nimeshamsafishia kiti.