Maziwa ya Mama Mkwe

Wanaume wa pande mbili walikuwa wameshakubaliana habari ya mahari, na mimi, bibi harusi mtarajiwa, nilikuwa chumbani nyuma ya pazia nimefunga mdomo kama desturi inavyotaka, jambo ambalo kwangu ni kazi nzito. Bukari, ugali wetu wa huku, ilikuwa inapoa jikoni. Hapo mama yake mchumba wangu akaona siku isipite bila kunisifu.

"Huyu mutoto ni wangu kabisa," akasema. "Mama yake alipoendaka Kambove kuuguza, mi ndiye nilimunyonyeshaka."

Mama huyu alizaliwa katika familia ya Wakatoliki wa kaskazini, akasilimu alipoolewa. Kwao kumnyonyesha mtoto wa jirani ni wema, na alikuwa anautaja mbele za watu kwa furaha. Hakujua kwamba kwetu Waislamu maziwa huleta udugu, na ndugu wa maziwa hawaoani. Kwa maneno yale machache alikuwa amemfanya mwanawe kaka yangu.

Baba mdogo wa mchumba wangu, ambaye babu yake alikuja huku kutoka Mali na madhehebu yake ya Maliki, akasema hata funda moja latosha kuharamisha. Shehe wa msikiti wetu, Mshafii aliyesomea pwani, akajibu kwamba hapana, ni mara tano, na kila mara mtoto ashibe. Wakavutana kwa adabu, kisha wakamgeukia mama: mara ngapi? Naye hajui kusema uongo. Akasema siku tatu nzima, kila nilipolia. Shehe akainamisha kichwa. Sasa walikuwa wamepatana, na walichopatana ni kuninyima mume.

Nilimpenda mwanamume yule, nampenda hata leo. Nilikaa kitandani nikijaribu kuzikumbuka siku hizo tatu, na kweli nikazikumbuka: paja la mama yule, kitenge chake, na kichwa cha kitoto kichanga ninachokisukuma. Mficha uchi hazai, nikajisemea, na huyu hata hataolewa. Nikafungua pazia.

"Papa Shehe, munisamehe," nikasema. "Mi nakumbuka. Nilisukumaka mutoto yake, nikakamata nafasi yake. Ile maziba ilikuwa ya huyu."

Nikamwonyesha mdogo wake mchumba wangu, msichana aliyekuwa amesimama mlangoni na sahani. Shehe akaomba kadi zetu mbili za mpiga kura, akasoma tarehe za kuzaliwa, akahesabu kwa vidole. Siku zile nilikuwa nimepita miaka mitatu. Maziwa baada ya miaka miwili hayaleti udugu. Hata wanaoongeza miezi kadhaa hawafiki huko. Baba mdogo akacheka hadi kofia ikamwanguka, akauliza kama nyumbani kwetu bukari ilikuwa imekwisha. Niliona aibu, lakini ilikuwa aibu ya mtu anayeolewa, nikaivumilia.

Mama peke yake hakucheka. Alinivuta kando, akaniuliza kama basi mimi si mtoto wake. Nikamweleza kwamba kwa maziwa hapana, nitakuwa mkwe wake tu. Akanirekebishia mtandio taratibu.

"Haukukuwaka na njala," akasema. "Ulikuwa unalilia mama yako, na sikukuwaka na kitu ingine ya kukupa."

Hapo ndipo nilipolia.