Tafsiri Yote, Usiruke Kitu

Wifi yangu Apolot hajui kuomba. Kusalimia anajua, kushukuru anajua, na ukimkosea anajua kukuambia palepale, lakini kuinama mbele ya mtu ili aonewe huruma, hilo hakuzaliwa nalo. Kaka yangu Okochi alipomleta kwetu Lunyo, mke wa Kiteso kutoka Tororo, mrefu, asiyecheka ovyo, shangazi zetu walitazamana wakasema huyu atatusumbua. Ni kweli ametusumbua. Ningeweza kuagiza wengine wa namna hiyo, ningeagiza kesho.

Mimi ni Benedeta. Nauza dagaa soko la Busia, upande wa Uganda, na nusu ya wateja wangu wako Kenya, kwa hiyo maisha yangu ni mguu huku, mguu kule. Naeleza habari hii kwa sababu imesemwa vibaya mno kwenye vibanda vya pombe, na wanaoisema hawakuwepo. Mimi nilikuwepo.

Apolot alikwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani. Naanza na hilo kwa kuwa yeye mwenyewe ndivyo anavyoanza. Alipiga deki, alifua, alipika, akalea watoto wa mama mmoja mwenye nyumba kubwa. Dereva wa nyumba ile alipoacha kazi, mama huyo, ambaye mwenyewe aliogopa usukani, akamwandikisha Apolot shule ya udereva ili awe anawapeleka watoto shuleni. Kumbe mikono yake ilikuwa inaungoja usukani tangu zamani. Baadaye shule ya watoto wale ikatafuta mwanamke wa kuendesha basi la wasichana. Mama akamruhusu, Apolot akafanya mtihani wa basi, akapita, na basi lile akaliendesha miaka mingi bila kukwaruza hata kioo cha pembeni.

Lakini makaratasi ya kule hayakubadilika. Aliingia nchini kama mtumishi wa ndani, na mtumishi wa ndani akabaki kuwa kwenye kila karatasi hadi siku ya kuondoka. Hata leseni yake ya udereva iko hivyo. Upande wa mbele kuna jina, picha na tarehe, kwa Kiingereza. Upande wa nyuma, kwa Kiarabu kitupu, kuna mistari miwili. Wa kwanza unataja kazi yake, mtumishi wa ndani. Wa pili unataja magari anayoruhusiwa kuendesha, gari dogo na basi la abiria. Apolot alijifunza herufi zile kwa mtoto wa mwisho wa nyumba ile, wakifanya pamoja kazi za shule jikoni, kwa hiyo alijua vizuri leseni yake inasema nini.

Huku nyumbani kaka yangu alikuwa ameshatangaza kwamba mkewe alikuwa dereva tangu siku aliyotua. Sikumlaumu sana. Watu wa hapa mnawajua. Mtu hajawahi kuona ndege ikiwa chini, lakini mwanamke akirudi kutoka Uarabuni, huyo ndiye wa kwanza kueleza alikuwa analala wapi na nani. Okochi aliona akisema dereva, midomo itapumzika.

Basi, Apolot akarudi, na hakukaa mwezi akapata kazi, au tuseme nusu ya kazi. Mkurugenzi Emojong ana shule ya msingi njia ya Sikuda na alikuwa amenunua basi jipya. Dereva wake wa zamani alikuwa mlevi, wazazi wakamwambia safari hii wanataka mwanamke. Akamwita Apolot.

"Leta pamiti ya Uganda," alimwambia, maana huku kwetu leseni tunaiita pamiti. "Iwe na daraja ya basi. Shule ikifungua kama hauna, ama umeleta ya gari ndogo peke yake, mimi nampa Paddy."

Paddy ni mpwa wake, kijana wa malori, anayepiga kona kwa mkono mmoja. Huyo ndiye angebeba watoto wetu.

Tukaenda ofisi ya leseni, Tororo. Ofisa wa dirishani alikuwa kijana mwenye shati lililonyooshwa vizuri na uso wa mtu aliyechelewa kunywa chai. Kitambulisho cha taifa, akakikubali. Pasipoti yenye mihuri ya kuingia na kutoka, akaikubali. Leseni yenyewe akaigeuza, akaitazama nyuma, akaigeuza tena.

"Maama, hii iko na Kiarabu. Mimi nasoma Kiarabu wapi? Leta tafsiri ya Kiingereza, iko na muhuri ya mtafsiri mwenye anatambuliwa hapa Uganda. Kama hauna, mimi naandika gari ndogo. Basi utangoja miaka, halafu ufanye mtihani kama watu wengine."

Sisi watu wa mpakani tuna ugonjwa mmoja. Kila tatizo la upande huu tunalipeleka upande ule. Sukari ikipanda bei, tunavuka. Dawa ikikosekana, tunavuka. Kuna watu hapa wamezaliwa huku, wamesoma kule, wameoa huku na watazikwa kule, na hawajaona ajabu yoyote. Kwa hiyo hatukukaa chini kuyafikiria maneno ya ofisa, hasa yale ya "hapa Uganda". Tulivuka.

Ng'ambo kuna kijana anaitwa Brayo, mwenye kibanda cha kutoa nakala na kupiga picha za pasipoti, na kila mtu anajua kwamba Brayo hashindwi na karatasi. Aliishika leseni akatabasamu.

"Mathe, wacha kujistress. Niko na msee anasoma hiyo lugha vizuri. Kesho saa nne unakam kuchukua, na stempu ya wakili iko juu."

Kesho yake tulikuta karatasi nzuri, imechapwa, imenyooka, ina muhuri mkubwa wa buluu. Mimi nilifurahi. Apolot alisimama akaisoma pole pole, kisha akairudisha juu ya meza.

"Mtumishi wa ndani iko wapi?"

"Hapo nimekutoa, mathe. Nimekuandika dereva. Sasa unadhani huyo jamaa wa ofisi akiona ulikuwa hausigeli atakupea basi? Nimekuokolea."

"Umeniokoa na nini? Hiyo kazi nilifanya mimi. Andika."

"Lakini nani anataka kujua ulikuwa unapiga deki?"

"Mimi nataka," alisema Apolot.

Brayo akacheka, akanigeukia mimi nimsaidie. Sikumsaidia. Ndipo nikauona ule muhuri vizuri, muhuri wa wakili wa Kenya, na jambo lenyewe likanijia lote. Tuna karatasi ya nchi ya watu ambayo Uganda haiwezi kuisoma, na sasa tunailetea shahidi kutoka nchi nyingine ya watu. Nilimwambia wifi twende. Brayo alitufuata hadi barabarani akisema stempu ni stempu.

Jioni ile Okochi alikasirika, na yeye akikasirika huongea kwa upole, jambo ambalo ni baya zaidi.

"Mama Shallon, si ungechukua tu ile karatasi? Ukipeleka yenye mtumishi wa ndani kila mtu atajua. Na mimi watu nitawaambia nini?"

"Baba Shallon, utawaambia mke wako alipiga deki. Utawaambia hii bati iko juu ya kichwa yako imetoka kwa deki, na mtoto wako Shallon anasoma na deki. Kama unaona haya, lala nje, juu yako hakutakuwa na bati."

Kaka yangu alitoka kwenda kuangalia ng'ombe ambao walikuwa wameshafungwa. Nampenda kaka yangu, lakini usiku ule nilitamani nimtikise mabega. Mwanamke ametoka jasho miaka yote ile katika nyumba ya watu, na fedha zilipofika hakuna aliyezikataa kwa sababu zilinukia sabuni. Aibu inaanza siku ya kutaja kazi yenyewe. Asubuhi Okochi alimsindikiza Apolot hadi stendi akiwa amenuna, ila mkoba aliubeba yeye.

Mtafsiri anayetambuliwa tulimpata Kampala, mzee mpole mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani. Aliiweka leseni chini ya taa, akasoma nyuma, akamtazama Apolot.

"Mama, wengi wanaokuja na hizi huniomba nikiruke kipengele cha kazi. Mimi huwa nakataa, lakini huwa wananiomba. Nakuuliza mapema ili tusigombane."

"Tafsiri yote," alisema Apolot. "Usiruke kitu."

Akaandika yote, akapiga muhuri, akatia sahihi, akatutakia safari njema.

Tuliporudi Tororo siku za kufungua shule zilikuwa zimekaribia sana. Emojong alikuwa amenipigia simu mara mbili, mara ya pili akaniambia Paddy ameshaanza kuliosha basi. Foleni ilikuwa ndefu, wengi wao wanaume, madereva wa malori ya saruji na vijana wa pikipiki. Ofisa alikuwa yuleyule, shati jingine. Akaichukua tafsiri, akasoma mstari wa kwanza, akacheka. Hakucheka kidogo. Akamwonyesha mwenzake wa meza ya pili.

"Kumbe huyu alikuwa mtumishi wa ndani. Mtumishi na basi, wapi na wapi? Maama, hawa watafsiri mnawalipa waandike kitu mnataka. Mimi naandika gari ndogo."

Foleni nayo ikacheka. Nilisikia mtu nyuma yangu akiuliza kama basi hilo lilikuwa la jikoni. Nilitamani nimwagie yule ofisa beseni zima la dagaa kwenye lile shati lake. Nikamtazama wifi yangu, nikidhani nitamkuta amevunjika. Alikuwa amesimama palepale, viganja vyake vyote viwili juu ya kaunta, na alikuwa hana haraka hata kidogo.

"Ofisa, mstari ya kwanza umesoma?"

"Nimesoma. Si ndiyo nacheka."

"Na umeamini?"

"Kwa nini nisiamini? Imeandikwa hapa."

"Na mstari ya pili imeandikwa wapi?"

Apolot hakupandisha sauti, lakini foleni yote ilimsikia kwa sababu foleni yote ilikuwa imeacha kucheka.

"Hii ni karatasi moja. Mtu moja ameandika, muhuri ni moja. Unasema nimelipa mtafsiri aandike uongo. Sasa mimi ni mjinga wa namna gani, nalipa mtu aandike mimi ni mtumishi wa ndani? Kama nilikuwa nanunua uongo, si ningenunua ile tamu? Ile tamu walitaka kunipa, mimi nikakataa. Wewe umeamini mstari yenye inakuchekesha. Sasa amini na ile ya basi. Ama kataa zote mbili. Andika kwa karatasi kwamba umekataa, weka jina yako na sahihi yako, mimi nakwenda nayo kwa mkubwa wako leo hii."

Mwenzake wa meza ya pili akajifanya anatafuta kalamu. Ofisa aliisoma tafsiri upya, safari hii hadi chini, akauangalia muhuri, akalinganisha namba ya leseni na ile iliyo kwenye tafsiri. Kisha akavuta kibodi. Aliandika gari dogo. Alisita, akamtazama Apolot, naye Apolot alikuwa bado anamtazama. Akaandika na basi.

Tulipotoka, dereva mmoja mzee wa lori alimpisha njia akamwambia, "Safari njema, dereva." Apolot akamshukuru. Mimi nililia kidogo nyuma ya choo cha ofisi, kwa hasira zaidi kuliko furaha, nikanawa uso, tukaondoka.

Pamiti ilipotoka tulikwenda moja kwa moja kwa Mkurugenzi Emojong. Paddy alikuwa ndani ya basi, amefungua redio, amevua viatu. Emojong aliishika pamiti, akaona daraja la basi, akafurahi kweli. Halafu Apolot akatoa na ile tafsiri kwenye mkoba, akaiweka mezani juu ya pamiti.

Emojong alisoma mstari wa kwanza tu, akaisukuma pembeni kwa kidole.

"Hii wewe weka nyumbani. Pamiti inatosha. Wazazi wanapita hapa kwa ofisi, mtu anaweza kuona, maneno yaanze."

"Maneno gani?"

"Mama Shallon, wewe unajua watu wetu."

"Najua. Mimi nataka iwe kwa faili yangu, juu, mwenye anapita asome. Nilifanya kazi za ndani, na kwa hiyo nyumba nikajifunza basi. Mzazi mwenye anauliza, usimjibu wewe. Mwambie anitafute mimi, niko kwa usukani. Kama hataki, mtoto wake atembee."

Emojong alinitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye mwenye breki za mwanamke huyu. Nikatazama dirishani. Paddy alikuwa anatafuta viatu vyake.

"Soma mpaka chini," alisema Apolot. "Umesoma ya juu tu."

Emojong akaivuta tena ile karatasi, akasoma, na safari hii midomo yake ilikuwa inacheza. Akafika chini, akaichukua mashine ya kutoboa, akaitoboa, akaitia kwenye faili mbele ya kila kitu.

"Umemaliza?" Apolot akamuuliza.

"Nimemaliza."

"Haya, nipe funguo."

Akampa.