Nduru Isiyoitikiwa

Kwetu Asembo Bay mtu halii msiba peke yake. Ukifika kwenye lango la wafiwa unapiga nduru, ule ukelele wa kwanza, na kabla pumzi haijakuishia wanawake waliomo ndani wameshakuitikia. Usipoitikiwa, basi umekosea nyumba.

Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, alifia India wakati wa Korona, akiwa mwanafunzi. Ndege zilikuwa haziruki. Mwili ukachomwa huko huko na wanafunzi wenzake wakamwaga majivu mtoni. Sisi nyumbani tukazika tunda la yago, lile refu na zito ambalo Wajaluo hulilaza kaburini pale mwili unapokosekana. Watu walilia sana. Mama hakulia.

"Mimi silii tunda," alisema, akaingia ndani.

Tangu hapo kila asubuhi alifagia simba, kama tunavyoiita nyumba ya kijana bomani, akakung'uta shuka za mwanawe na kuzitandika upya. Tulipomsihi aache, alitujibu vilevile kila mara: "Hakuna mtu wetu aliyelia mahali alipofia. Sasa nyinyi mnajuaje amekufa?"

Mabishano na Mama ni kutwanga maji kwenye kinu. Ndege zilipoanza kuruka tena, nikaenda India kulia. Kwenye viza nilijaza kwamba ni mtalii, maana hapakuwa na sehemu ya mtu anayekwenda kulia.

Mji alikofia unaitwa Bodh Gaya. Wabudha wa dunia nzima huhiji pale kwa sababu ya mti ambao Budha aliketi chini yake mpaka akaelimika. Kila mtu alikuwa amekuja na wenzake, kundi kwa kundi, kofia za rangi moja. Mimi nilikula wali wangu peke yangu nikitazama ukuta. Walioniuliza natoka wapi hawakuijua hata Kisumu, jiji la karibu na kwetu, na sikuwalaumu. Mimi pia sikuijua Bodh Gaya mpaka ilipotumezea mtu.

Nilianza na mto. Mto gani! Mchanga mtupu, watu wanauvuka kwa miguu, na mimi ni mtoto wa ziwani. Nilisimama pale nikashindwa kujua nilie nikielekea wapi. Basi nikaenda kwenye ule mti, kwa kuwa picha ya mwisho aliyotutumia alipigwa akiwa chini yake, anacheka.

Nilivua viatu langoni. Ndani watawa waliketi kimya, wengine wakizunguka hekalu polepole, midomo ikicheza bila sauti. Niliposimama mahali pa ile picha, mwili wangu ukafanya ulichofundishwa tangu utotoni. Nikapiga nduru.

Ilipanda hadi kwenye matawi, kisha ikaisha. Nikangoja. Sijawahi kungoja hivyo maishani. Watawa wengine walifumbua macho, wakayafumba tena. Mlinzi akanijia kwa upole, kidole mdomoni. Hakuwa mtu mbaya, lakini nilimchukia. Nilikaa chini nikalia kimyakimya, kilio cha kigeni, kamasi zikinitoka kama mtoto. Jani moja likaanguka karibu yangu. Mahujaji huyagombea majani hayo, na wawili walikuwa tayari wamenyoosha mikono. Waliponitazama usoni waliniachia.

Niliporudi nyumbani, Mama nilimkuta akifagia simba. Nikampa lile jani. Aliligeuza upande huu na ule, akanirudishia.

"Mlinipa tunda, sasa mnaniletea jani."

Akaegemea ufagio wake.

"Ulilia?"

"Nililia, Mama."

"Nani alikuitikia?"

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa nimechoka mno.

"Hakuna."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja, Mama. Nilingoja."

Uso wake ukalegea. "Mtoto wangu," alisema, "ulilia kwa watu peke yako hivyo?" Akaulaza ufagio chini, akasimama katikati ya boma, akanishika mkono. Kisha akaiitikia nduru yangu.

Jirani wa kwanza akaipokea kutoka shambani kwake, wa pili akaipokea kutoka kwenye mtaro wa maji. Wakaja mbio, leso zikiwadondoka.

"Mama, ni nani amekufa?"

"Ni kijana wangu," Mama aliwaambia. "Kijana wangu amekufa India."