Negativu Tulizochoma Meru

Usiniambie niliota. Ilikuwa saa tisa mchana, nilikuwa macho, na sikuwa nimeonja pombe. Haya yalinipata mimi mwenyewe katika studio yetu mjini Meru, mwishoni mwa miaka ya tisini, na mpaka leo nikiyasimulia hasira hunipanda.

Studio ilikuwa yangu na kaka yangu mkubwa, Mwiti. Makabati yalijaa picha za miaka mingi, kila negativu, ile filamu ya kusafishia picha, ndani ya bahasha yake, na juu ya bahasha jina la mtu na kijiji chake. Kuzipanga ilikuwa kazi yangu. Kisha Mwiti akanunua kompyuta na skana, akasema makabati yanamlia nafasi.

"Tuziingize zote kwenye kompyuta," nikamwambia, "lakini negativu zibaki."

"Zibaki wapi? Na hiyo kompyuta haiwezi kubeba kila mtu. Tutaingiza harusi, shule na kanisa. Hao wengine waliokuja mara moja, nani atawaulizia?"

Tulibishana wiki nzima. Mwishowe nilinyamaza kwa sababu yeye ndiye mkubwa. Alipomaliza kuingiza alizozitaka, Jumamosi akazimwaga bahasha zote, za hao wengine na hata zilizokwisha kuingizwa, ndani ya pipa nyuma ya studio, akawasha kiberiti. Filamu ikiungua hunuka vibaya, niamini. Nilisimama pale nikatazama tu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Jumatatu mvua ilinyesha na stima ikapotea. Mwanamke akaingia, kitambaa cha manjano kichwani, viatu vikavu kabisa. Nje maji yalikuwa yanatiririka barabarani. Ningepaswa kushtuka hapo, sivyo? Sikushtuka.

"Naitwa Muthoni, natoka Ishiara," akasema. "Ulinipiga picha na mtoto wangu mgongoni. Nimeijia."

Nikafungua rejista. Jina lilikuwepo, la miaka minne nyuma. Nikamwambia ukweli, kwamba tumeichoma. Nikamwomba akae nimpige nyingine.

Akanitazama kwa hasira ambayo sijaiona tena usoni mwa mtu. "Sasa utapiga nini?"

Sikumwelewa. Nikageuka kuchukua kamera, na nilipomrudia hakuwepo. Mlango wetu ulikuwa na kengele, na kengele haikulia. Chumba kizima kilinuka filamu iliyoungua.

Stima iliporudi, Mwiti akafungua picha za harusi moja ya Kibirichia. Nyuma ya bibi harusi alisimama mwanamke mwenye kitambaa cha manjano. Akafungua za shule, yupo mstari wa mwisho. Kwaya ya kanisa, yupo. Kila picha yupo, ametukazia macho sisi wawili.

"Usiguse kitu," nikamwambia Mwiti.

Hakunisikia. Alifuta moja baada ya nyingine hadi hakukubaki hata moja. Nakala hatukuwa nayo.

Wiki hiyo nikaenda Ishiara, nikaulizia jina lile, nikaelekezwa kwa mama yake.

"Muthoni tulimzika miaka mitatu iliyopita," mama akasema. "Hakuacha picha hata moja. Alikuwa akisema iko moja Meru, akaugua kabla hajaifuata."

Msichana wa miaka mitano hivi akatoka jikoni, akasimama mbele yangu. "Umeniletea picha ya mama?"

Wewe ungemjibu nini?

Nilipomweleza Mwiti, alisema ni bahati mbaya. Bahati mbaya! Siku hiyo hiyo tuligawana kamera, na hatujala meza moja tena. Msichana yule sasa ni mtu mzima. Bibi yake alishafariki, kwa hiyo hunipigia simu mimi, niliyeuona uso wa mama yake mara ya mwisho. Huniuliza kidevu kilikuwaje, macho yalikuwaje, nami humweleza. Nimemweleza mara nyingi mno, hata siku hizi sijui kama namkumbuka Muthoni au nakumbuka maneno yangu.

Kwa hiyo wewe unayetunza picha za watu, ziandike majina, uziweke mahali pawili. Na akija mtu kukwambia huyu ana maana na huyu hana, mnyang'anye kiberiti, hata kama ni kaka yako mkubwa.