Mkono wa kumpaka mbwa mafuta

Juzi, kwenye soko la Mwanakwerekwe, nilikuwa nasubiri zamu yangu kwa muuza dawa za miti shamba. Mbele yangu bibi mmoja aliagiza majani ya mwarobaini na mafuta ya nazi yasiyotiwa marashi.

"Mjukuu kapata upele, Bi?" muuzaji akauliza.

"Mbwa wangu. Anajikuna mpaka anatoka damu. Nnamkosha kwa maji ya mwarobaini, akikauka nnampaka mafuta."

Mwanamke aliyesimama karibu naye akalikusanya buibui lake, akasogea kando. Muuzaji akauweka mfuko mezani badala ya kumpa mkononi, akausukuma kwa ncha ya kidole.

"Bi, funga kitambaa kwenye kijiti ndiyo umpake. Usijitie najisi."

"Nlianza kwa kijiti, akawa ananikimbia. Sasa nnatumia mkono. Nikimaliza nnajitwaharisha kwa maji na udongo, nnabadili nguo, nnasali."

"Taabu yote hiyo kwa mbwa?"

Bibi akautazama mkono wake, akakigeuza kiganja juu. "Tangu bwana wangu afariki, hapana mwengine anayeungoja mkono huu."

Akachukua mfuko wake. Tukampisha njia pana, utasema anapita bibi harusi.

Najisi ya mbwa, sote pale tulijua inaondoshwa kwa kitu gani. Upweke wa yule bibi hapana hata mmoja aliyeuliza dawa yake, na tulikuwa tumesimama mbele ya meza iliyojaa dawa.