Kikapu Ambacho Hakikufika kwa Hakimu

Mahakama moja ya mkoani Ufaransa, iliyofungwa kabla babu wa babu yangu hajazaliwa, naifahamu kuliko ile iliyotutoa kwenye nyumba yetu ya mtaa wa Katuba. Najua majaji wake waliingia saa ngapi asubuhi, nani alikaa karibu na moto, nani alisinzia wakati mawakili wakibishana. Najua walivyofunga milango msimu wa zabibu na kwenda mashambani kwao, wenye kesi wakibaki mjini kusubiri. Sijawahi kukanyaga Ufaransa. Yote hayo niliyasoma hapa Lubumbashi, kwenye picha za madaftari ya zamani nilizokuwa nazishusha kwenye simu pale chuo kikuu, mtandao ukikubali, nikizikuza kwa vidole viwili mpaka macho yanatoa machozi.

Ilikuwa tasnifu yangu ya kumaliza chuo, idara ya historia. Watu waliniuliza kwa nini nisiandike juu ya machimbo, au juu ya reli, ambayo baba yangu aliitumikia mpaka mgongo ukapinda. Niliwajibu kwamba Wazungu walituchunguza sisi miaka yote, sasa ni zamu yetu kuwachunguza wao. Nililipenda sana jibu hilo. Hata leo naona lina ukweli ndani yake, lakini nikikumbuka sauti niliyolitolea natamani kujizaba kofi.

Katika mahakama ile kiti cha hakimu kilikuwa mali, kama shamba. Kilinunuliwa na kikarithiwa. Baba akifa, mwana anavaa joho jekundu na kukalia kiti kile kile. Karatasi za kila kesi zilitiwa kwenye mfuko wa katani, mfuko ukatundikwa ukutani, na mingine ilining'inia pale mpaka wenye kesi wakazikwa. Hukumu ikitoka, hakuna aliyeambiwa sababu. Kulikuwa pia na desturi mbili, na hizo ndizo zilizoniwasha zaidi. Ya kwanza, mwenye kesi alitakiwa kwenda kumsalimia hakimu nyumbani kwake kabla ya kesi kusikilizwa. Asiyekwenda alionekana hana adabu. Ya pili, aliyeshinda alimpelekea hakimu shukrani. Zamani ilikuwa matunda ya sukari na viungo vya chakula kutoka nchi za mbali, kitu cha kuonja tu. Baadaye shukrani ikawa sharti, na viungo vikageuka fedha. Sura yangu ya tatu yote ilikuwa juu ya hayo mawili. Niliwasema vibaya wale wazee wa joho jekundu kwa Kifaransa kilichonyooka, na kila ukurasa ukiisha nilijiona mtu mwadilifu.

Wakati huo huo mama yangu alikuwa na kesi.

Baba alinunua ile nyumba alipostaafu: vyumba vitatu, bati, na uwanja mdogo ambao alijenga tanuri la udongo wa kichuguu ili mama aoke mikate. Mikate ile ndiyo iliyonisomesha. Baba alipofariki, mdogo wake aliiuza nyumba kwa mfanyabiashara wa sementi, mama akiwa bado kwenye nguo nyeusi za kilio, kisha akahama mji. Yule mwenye sementi alikuwa na hati mpya zenye mihuri. Mama alikuwa na kijitabu cha zamani cha nyumba chenye jina la baba, wino umegeuka rangi ya chai. Akishindwa, tunatoka, yeye na mimi, na tanuri halihamishiki.

Kijitabu hicho pamoja na barua zote za mahakamani alivitia kwenye mfuko wa kitambaa na kuutundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Nilipouona ule mfuko kwenye msumari, nilifurahi. Naona aibu kuandika hivi, lakini ndivyo ilivyokuwa: nilifurahi kama mtu aliyeokota kitu. Niliupiga picha nikaiweka kwenye utangulizi wa tasnifu.

Tasnifu yenyewe ilikuwa imekwama. Profesa aliyenisimamia alikaa na sura zangu mbili za kwanza zaidi ya mwaka. Kila nilipogonga mlango wa ofisi yake alisema ataangalia. Bila sahihi yake hakuna kutetea tasnifu, na bila kutetea hakuna cheti. Nilimlalamikia mama juu ya jambo hilo kila tulipokula, kwa maneno marefu, na yeye alinisikiliza huku akinisogezea mboga. Juu ya kesi yake tulizungumza kidogo tu.

Mwezi mmoja wa masika, mdogo wake mama aliye Kilwa, ile Kilwa ya huku kwetu kando ya ziwa, alituma kikapu cha samaki wa kukaushwa kwa moshi. Mama ndiye aliyekiomba. Kilisafiri juu ya lori zaidi ya wiki, kwa zile barabara ambazo mvua ikinyesha dereva anapika na kulala pale pale alipozama. Samaki walifika wazima, wakubwa, wekundu, wamepangwa kichwa kwa mkia. Nyumba nzima ilinukia.

Jumamosi iliyofuata asubuhi nilikuwa mezani na sura yangu ya tatu. Mama alitoka chumbani amevaa kitenge chake cha Pasaka na kilemba chake, kikapu mkononi, kimefunikwa kitambaa cheupe.

"Mama, unaenda wapi?"

"Naenda kumusalimia juge wa kesi yetu. Nilishaonyeshwa nyumba kwenye anaikalaka, kule ku ville."

Niliweka kalamu chini. "Na samaki?"

"Sasa muntu anaenda ku nyumba ya mukubwa mikono butupu?"

"Mama, hiyo ni corruption."

"Corruption ya nini? Sitamuomba kintu. Nitamusalimia, nitaikala kidogo, nitarudi. Miye niko mujane, papa. Sura yangu haiyui. Muntu mwenye hayui sura yako atakuhukumu namna gani?"

Alikuwa ananiita papa tangu nikiwa mdogo, kama mama wengi wa kwetu wanavyowaita watoto wao wa kiume, kwa upendo. Siku ile neno hilo liliniudhi. Nilisimama mlangoni. Nilimwambia juu ya Ufaransa. Nilimweleza mama yangu, aliyekuwa amesimama na kilemba chake katikati ya chumba, jinsi salamu zilivyoanza na matunda ya sukari, jinsi zilivyogeuka lazima, jinsi maskini asiye na kitu cha kupeleka alivyozoea kushindwa, mpaka watu wakachoka na milango ya mahakama ile ikafungwa kwa misumari. Nilisema vizuri. Sijui kama niliwahi kufundisha vizuri namna hiyo tangu siku ile, na nimefundisha miaka mingi.

"Bale Bazungu banakufwa bote," mama alisema. "Huyu juge iko muzima."

"Njo vile justice inaozaka, Mama. Inaanza na samaki."

Nikakitoa kikapu mkononi mwake. Hakukishikilia. Kama angekishikilia hata kidogo, labda ningekumbuka kwamba nanyang'anyana na mama yangu. Alikaa kwenye kiti, akakunja kile kitambaa cheupe mara nne, akakiweka mapajani.

"Basi," alisema. "Weye njo mwenye kusoma."

Jumapili tulikula samaki mmoja na bukari, ugali wa kwetu. Katikati ya wiki nilitafuta kikapu sikukiona. Mama akasema amegawa. Nilidhani amewapa akina mama wa kanisani, wanaompokea huyu na kumwombea yule, na nikaona ni jambo jema. Sikuuliza zaidi. Nilikuwa na sura ya tatu.

Wiki tatu hivi baada ya hapo profesa alinipigia simu yeye mwenyewe. Alikuwa amesoma zile sura mbili zote. Alikuwa ameandika pembeni kwa penseli mpaka kurasa zikajaa, na alitaka ya tatu haraka. Nilimpelekea kesho yake. Nilirudi Katuba nimejaa fahari, nikamwambia mama kwamba kazi nzuri mwishowe inajionyesha yenyewe. Mama alikuwa anatoa mikate tanurini. Alisema, "Njo vile, papa," akaendelea kutoa mikate.

Kesi ilisikilizwa mwanzoni mwa kiangazi. Mama alivaa kile kitenge cha Pasaka. Hakimu alikuwa mtu wa makamo, mchovu, mwenye miwani ya kusomea kwenye ncha ya pua. Alipomwona yule mwenye sementi alimuuliza hali ya mguu, kama umepona. Huenda walikutana hospitalini. Huenda wanasali parokia moja. Nimeligeuza swali lile la mguu miaka yote hii na sijalimaliza. Kwa mama hakuuliza kitu, alisoma tu jina lake kwenye jalada, akakosea matamshi, akamtazama wakili wetu badala yake.

Hukumu ilisomwa siku nyingine, kwa Kifaransa, na karani mwenye mafua aliyekuwa anakimbilia kumaliza. Sababu zilikuwepo kwenye karatasi, nadhani. Pale ukumbini hazikusikika. Mama alinivuta mkono wa shati.

"Banasema nini?"

Mimi ndiye niliyemtafsiria. Mimi, mtaalamu wa hukumu za Kifaransa, nilimwinamia mama yangu sikioni nikamwambia kwa Kiswahili kwamba tuhame. Alitikisa kichwa kukubali, kwa adabu, kama mtu aliyeelekezwa njia. Tulipotoka nje alitaka kujua kama ile mikate aliyoikanda asubuhi itakuwa imezidi kuumuka.

Tulihamia chumba cha kupanga, huko huko Katuba, upande wa pili wa soko. Mwenye sementi alivunja tanuri wiki ile ile ili apate mahali pa kupanga mifuko yake. Sikwenda kuangalia, ila majirani hawakosi kukuletea habari za namna hiyo. Mama alianza kuuza mikate ya watu wengine. Nilikuwa na hasira na hakimu, na baba mdogo, na mwenye sementi, na nchi nzima. Hasira ile ilinifaa. Iliniacha mimi nje.

Nilitetea tasnifu nikiwa na koti la kuazima. Mama alikaa safu ya mwisho na hakuelewa neno, lakini nilipokuwa naeleza juu ya wale majaji na salamu zao alinitazama usoni muda wote, hakupepesa. Walinipa alama za juu. Profesa alisema mbele ya watu kwamba sura ya tatu ina ujasiri wa nadra kwa kijana. Kisha akashuka, akapita mpaka safu ya mwisho, akamshika mama mkono kwa mikono yake yote miwili. Niliona ni heshima yake kwa mama yeyote wa mwanafunzi.

Kwa cheti kile nilipata kazi pale pale idarani. Nafundisha kozi ya Ulaya ya kale, na kila mwaka nafika kwenye zile desturi mbili, na wanafunzi wanacheka, halafu wanaanza kusimulia mambo ya kwao.

Mwaka jana profesa aliugua, naye ameshastaafu. Nilikwenda kumwona nyumbani kwake. Nilibeba machungwa. Alikuwa kwenye kochi na blanketi miguuni, amekonda, lakini ulimi uko pale pale.

"Mama yako anaikala muzuri?" aliuliza. "Bale samaki yake ya Kilwa, mpaka leo muke wangu anabasemaka."

Nikamuuliza samaki gani.

"Haukuyua? Alikuya hapa na kikapo. Aliikala pale, kwenye weye uko sasa. Hakusema mambo ya points, hata kidogo. Alisema paka maneno haya tu: 'Niko mama ya fulani, anasomaka kwako, nakuya kukusalimia.' Akakunywa mayi, akaenda." Alicheka, kikohozi kikamkatiza. "Nilipata haya, mon cher. Mwaka muzima bikaratasi byako biko pale chini ya magazeti. Nikabitosha siku ile ile."

Nilimuuliza, kwa sauti ya utani, kama angezitoa zile karatasi bila samaki. Alifikiri kwa uaminifu, namshukuru kwa hilo. Akasema hajui.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mama. Bado yuko kwenye kile chumba cha kupanga. Hataki kuhamia kwangu na mke wangu, anasema nyumba ya mke wa mtu ni ya mke wa mtu. Alikuwa anachambua mboga za majani. Nilibaki nimesimama kama siku ile, mlangoni, na nikamuuliza kwa nini alikwenda kwa profesa wakati nilimkataza.

"Ulinikatalia kwenda kwa juge," alisema. "Ya profesa haukusema kintu."

Nilikaa chini. Nilikuwa na maswali mengi na yote yalikuwa ya kipumbavu. Nilimuuliza kama hajutii. Nilimuuliza, kwa kuwa alijua kwenda kimya kimya namna ile, kwa nini hakwenda kimya kimya kwa hakimu pia. Labda hata leo tungekuwa tunakaa kwetu.

Mama alitazama mboga zake, akatupa jani lililooza.

"Kikapo ilikuwa paka moja tu, papa."