Kulipwa Ukae Nyumbani

Merle Odegaard alikuwa akikata nyasi za uwanja wa mpira wa chuo kimoja cha Iowa, Marekani, tangu ujana wake. Mkurugenzi wa michezo, Whitlow, alipomtimua kocha, mkataba ambao Whitlow mwenyewe aliusaini ukakilazimisha chuo kimlipe kocha huyo akae nyumbani. Nani akae nyumbani? Kila Jumamosi ya mechi kocha alikuja kwenye maegesho ya uwanja kuchoma soseji, kama mashabiki wafanyavyo huko kabla ya mechi. Kocha aliyechukua nafasi yake naye akatimuliwa kwa malipo, akajiunga naye. Mwisho akatimuliwa Whitlow, kwa malipo yaleyale, akaja na kiti chake.

"Karibu bosi, soseji hizi hapa!" makocha wakamwambia.

Merle akauliza, "Na mimi nikiboronga, nitalipwa?"

Whitlow akamtazama kwa huruma. "Wewe mzee unafukuzwa bure tu. Haya, kapige mistari ya chokaa uwanjani, mechi inakaribia kuanza."